Kupangusa kioo na kupangusa machozi



 Juma hili tunakusudia kuzungumza juu ya mkono. Hatukusudii mkono wa mafumbo, bali mkono huu wenye ngozi na vidole, ambao siku hizi unashinda kutwa juu ya kioo cha simu. Tunaandika kwa sababu mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Morogoro Mjini ametukumbusha jambo tulilolijua kisha tukaliacha, na tumeona si haki nasaha ile ibaki kwetu peke yetu.

Mzee huyo ni mkulima. Ujana wake aliumaliza katika miteremko ya Uluguru, upande wa Kinole, akilima migomba na viungo, kisha akateremka mjini kuishi karibu na watoto wake. Masika iliyopita alifiwa na mkewe, waliyekaa pamoja zaidi ya miaka arobaini. Mazishi yalikwenda vizuri, Alhamdulillah, na watu walikuwa wengi. Sisi wa kamati tukatangaza namba ya simu ya kupokelea rambirambi. Fedha ziliingia kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona zama za kupitisha kikapu. Tukazijumlisha, tukamtumia mzee kwa simu, tukaandika katika daftari letu kwamba msiba ule umehudumiwa. Ukweli ni kwamba wengi wetu, na sisi tunaoandika haya tukiwamo, hatukukanyaga tena barazani kwake.

Miezi michache baadaye simu yake ikapotea katika pilikapilika za Soko Kuu la Chifu Kingalu. Kuirudisha laini kunahitaji alama za vidole. Wasomaji watakumbuka kwamba usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa ulianza nchini mwetu tarehe 1 Mei 2019, na siku ya mwisho ikasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo kidole kimekuwa ndio ufunguo wa simu ya kila mmoja wetu. Basi tukamsindikiza mzee wetu kwa wakala.

Akaweka kidole gumba cha kulia, mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Akajaribu cha kati, ikakataa vilevile. Mzee akaanza kuona haya, kana kwamba ameshukiwa kuwa si yeye. Kijana wa wakala hakukasirika. Alisema, "Babu, nipe mkono wako." Akaupokea kwa mikono yake miwili, akaufuta jasho kwa kitambaa, akavisugua vidole taratibu hadi ngozi ikalainika, kisha akaanza kuvibonyeza kimoja baada ya kimoja juu ya kile kioo kidogo. Alikuwa akimuuliza mzee habari za shamba, na hakuuachia mkono ule hata mara moja. Hatimaye kidole cha mkono wa kushoto kikakubaliwa.

Tulipokuwa njiani kurudi, mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Wanangu, yule kijana amenishika mkono muda mrefu kuliko ninyi nyote tangu mke wangu afariki. Fedha zenu nilizipata, Allah awalipe kheri. Lakini simu ilijaa, na nyumba ilikuwa tupu."

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza swali moja: kidole kinapogusa kioo, ni nini kinachofika upande wa pili, na ni nini kisichofika?

Tuanze na kioo chenyewe. Watu wengi hudhani kwamba simu ya kupangusa ni jambo la juzi. Kwa hakika mhandisi Mwingereza aitwaye E. A. Johnson alieleza mwaka 1965 namna ya kutengeneza kioo kinachotambua mguso wa kidole, akiwa na nia ya kuwarahisishia kazi waongozaji wa ndege. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini hadi simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, na baada yake dunia nzima ikageuka kuwa ya kupangusa.

Namna kinavyofanya kazi ni ya kustaajabisha. Chini ya kioo kuna tabaka jembamba mno linalopitisha umeme mdogo, na ambalo jicho hulivuka bila kuliona. Mwili wa mwanadamu una maji na chumvi, kwa hiyo nao hupitisha umeme. Kidole kinapokaribia, kiasi kidogo cha umeme ule huvutwa kuelekea kwenye ngozi, na simu hupiga hesabu ya mahali badiliko lilipotokea. Ndiyo maana ukivaa glovu za kawaida kioo hakikusikii, na ndiyo maana kidole kikavu chenye sugu hulazimika kubonyeza mara mbili na tatu.

Hebu tulitafakari hilo. Kioo kinajua jambo moja tu, nalo ni kidole kiko wapi. Hakijui kama kidole hicho ni cha mtoto au cha mjane. Hakijui kama kimetoka kushika jembe au kimetoka kufukia kaburi. Kidole kikitetemeka kwa huzuni, kioo huhesabu kwamba umebonyeza pasipostahili.

Ile mashine ya wakala imepiga hatua moja zaidi. Yenyewe inajua kidole ni cha nani. Katika Suratul Qiyama Allah anatukumbusha uweza Wake wa kuzirudisha hata ncha za vidole vya mwanadamu kama zilivyokuwa, na leo hata mamlaka za dunia zimezifanya ncha hizo kuwa ushahidi. Lakini ushahidi huo nao hufutika. Mistari ya vidole husagika kwa mpini wa jembe, kwa saruji na chokaa, kwa kufua nguo kwa mikono miaka nenda miaka rudi, na kwa uzee unaoikausha ngozi na kuifanya nyembamba. Hivyo anayekataliwa na mashine aghalabu ni yule aliyefanya kazi sana: mkulima, fundi mwashi, mama wa nyumbani. Mashine haina kosa lake, maana inasoma kile inachokiona. Ila ni vema tukumbuke kwamba pale iliposhindwa kumtambua mzee wetu, aliyemvusha ni mtu aliyekubali kuushika mkono wake.

Mkono wa mtu, basi, unajua jambo la tatu ambalo kioo na mashine ile havilijui. Unajua mtu yu hali gani. Ukimshika mkono aliyefiwa utajua kama amekula, kama ana homa, kama anatetemeka, kama anataka uondoke au anataka ukae. Naye atayajua yako. Kioo hukigusa nacho hakikugusi, lakini ukimshika mwenzako mkono, naye amekushika.

Wenye kutengeneza vifaa hivi wanaujua upungufu huu, na wasanii wanaoitumia mitambo katika sanaa zao wameuhangaikia kwa muda mrefu. Mwaka 1993 msanii Mwingereza Paul Sermon aliweka makochi mawili mahali pawili tofauti, akaziunganisha picha za kamera kwa njia ya simu, hata aliyeketi huku akajiona kwenye kioo ameketi bega kwa bega na aliyeketi kule. Watu walinyoosheana mikono wakaiona inakutana pichani, lakini ngozi haikuhisi kitu. Kazi ile ilimwonesha kila mtu, bila ya hotuba, kiasi gani macho yanaweza kushibishwa huku mkono ukibaki na njaa.

Msanii mwingine, Rafael Lozano-Hemmer, mzaliwa wa Mexico anayeishi Kanada, alitengeneza mwaka 2006 kazi iitwayo Pulse Room. Ni chumba kilichotundikwa globu za umeme mamia. Mgeni hushika vishikio viwili, kifaa husoma mapigo ya moyo wake kupitia viganja, na globu moja huanza kuwaka na kuzima kwa mwendo wa moyo ule. Akiachia, taa zote huzimika kwa kitambo kidogo, kisha mapigo yake huingia kwenye globu ya kwanza ya safu, na mapigo ya waliomtangulia husogea mbele kila moja kwa hatua moja. Yaliyo ya zamani kuliko yote hutoka. Hivyo chumba kizima huwa ni mioyo ya watu waliopita hapo, imepangwa safu kwa safu, na kila anayekuja humsukuma mmoja atoke.

Tumeitaja kazi hiyo kwa sababu ina mazingatio kwetu sisi tunaosimama katika safu kila siku mara tano. Huyo msanii alihitaji nyaya na mamia ya globu ili kumwonesha mtu kwamba jirani yake ana moyo unaopiga. Sisi tumepewa njia ya kulijua hilo bila ya umeme: bega lililogusana na bega, na mkono unaotolewa baada ya swala. Twajiuliza, je, bado tunaitumia?

Wataalamu wa mwili nao wana ya kutueleza. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba ilikwenda kwa David Julius na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, kwa kugundua jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Wengine wameonesha kwamba katika ngozi kuna nyuzi nyembamba za fahamu ambazo huitikia zaidi pale mtu anapopapaswa taratibu, kwa mwendo wa sentimita chache kwa sekunde, na kwa mkono wenye joto la mwili. Kwa lugha nyepesi, mwendo ule ule ambao mama humpapasa mtoto anayelia, bila ya kufundishwa na mtu, ndio ambao ngozi imeumbwa kuupokea. Subhanallah!

Kina mama wasomaji wetu hawahitaji tuzo ili kulijua hili. Waliojifungua watoto njiti wamefundishwa hospitalini kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, njia inayoitwa huduma ya kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, katika hospitali iliyokuwa na upungufu wa mashine za kuwatunzia watoto joto. Kifua cha mama kikafanya kazi ambayo mashine ingeifanya, na leo njia hiyo inatumika duniani kote, hapa Tanzania pia. Kwa njia hiyo uhai wa mwanadamu huokolewa kwa mguso.

Ndugu wasomaji, asitufahamu mtu vibaya. Hatusemi kwamba simu ni balaa. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008, watu wa milimani wamepumzika na safari za kubeba fedha kiunoni. Kijana aliyeko Muscat anamtumia mama yake aliyeko Mwembesongo matumizi ya mwezi kabla chai haijapoa. Hizo ni neema, na neema hushukuriwa.

Tena tuwe waadilifu, simu nyingine zimetengenezwa kwa kuuheshimu mkono. Chukua kitochi. Pale kwenye namba tano pana kijinundu kidogo, ili kidole kikijue kitovu cha vitufe hata gizani. Mzee wetu alikuwa akibonyeza nyota, namba zake na reli bila ya kutazama, kwa kidole gumba peke yake, kama avutaye uradi. Watoto wake walipomnunulia simu ya kupangusa badala ya ile iliyopotea, alipata kioo kilaini kisicho na alama ya kushika, akawa kama mtu aliyehamishiwa nyumba isiyo na milango. Vijana wetu wanaosoma kompyuta hapa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Waislamu, Sokoine na Mzumbe, tunawaomba walitie hili akilini. Atakayetengeneza programu ya simu na aikabidhi kwanza kwa bibi yake, aketi kando yake, atazame mkono wake unavyohangaika. Vitufe viwe vikubwa, maneno yawe ya Kiswahili, na mtetemo au sauti imjulishe kwamba amesikiwa.

Hata hivyo, ustadi wote huo hautaliondoa lile tatizo alilolisema mzee. Tatizo letu halikuwa simu. Tatizo letu ni kwamba tulibonyeza, simu ikatuambia muamala umekamilika, nasi tukaamini kwamba na wajibu umekamilika.

Lugha yetu yenyewe inatusuta. Tunasema mkono wa pole, mkono wa Idd, mkono wa buriani. Wazee hawakuwa na namna ya kuyataja mambo hayo bila ya kuutaja mkono. Na lile neno kupangusa, ambalo vijana wamelipa simu, kabla ya hapo lilikuwa likitumika kwa jasho na machozi. Tujihadhari tusije tukawa kizazi kinachopangusa vioo kutwa nzima ilhali machozi ya jirani yanakauka yenyewe.

Mafunzo ya dini yetu katika mlango huu hayana utata. Tumefundishwa kwamba Waislamu wawili wanapokutana na kupeana mikono, hupata msamaha kabla ya kuachana. Tumefundishwa kukipapasa kichwa cha yatima ili nyoyo zetu zilainike. Na tumefundishwa pia mipaka: kwamba mguso ni amana, una watu wake na mahali pake, na asiyekuwa maharimu hashikwi mkono. Ndani ya mipaka hiyo nafasi iliyobaki ni pana mno. Baba na mwanawe, mama na bintiye, mjukuu na bibi yake, wanaume kwa wanaume barazani, wanawake kwa wanawake chumbani kwa mfiwa. Ni nani aliyetuzuia huko?

Labda ni mazoea ya mwaka 2020, pale maradhi ya korona yalipoingia nchini mwezi wa Machi tukaacha kupeana mikono, tukasalimiana kwa viwiko na kwa miguu. Ilikuwa ni tahadhari ya haki, na kujikinga ni katika dini. Lakini dharura ikiondoka, na hukumu yake huondoka. Wako waliorudisha simu mfukoni wakasahau kuurudisha mkono.

Basi sisi wa kamati tumeafikiana mambo matatu, na tunayaeleza hapa ili misikiti mingine iyapime.

Kwanza, rambirambi za simu zitaendelea kupokelewa, lakini hazitatumwa kwa simu. Zitapelekwa na watu wawili hadi mlangoni, wanaume kwa mfiwa mwanamume na kina mama kwa mfiwa mwanamke, nao wataketi.

Pili, daftari letu lilikuwa na safu ya jina na safu ya kiasi. Tumeongeza safu ya tatu: aliyekwenda. Kwa mwezi mzima baada ya msiba, kila wiki liandikwe humo jina la mtu aliyefika. Safu hiyo ikibaki tupu, msiba haujahudumiwa, hata kama fedha ni nyingi.

Tatu, kwa walio mbali. Ndugu yetu aliyeko Dar es Salaam au Oman, ambaye hana njia ya kufika, atume fedha zake na atuachie jina la mtu anayemwamini, au atuombe sisi, aende kwa niaba yake akampe mzazi wake mkono na kusema, "Mkono huu ni wa mwanao." Naye aendelee kupiga simu, kwani sauti nayo ina joto lake.

Na majumbani mwetu, tuanze na dogo. Mtoto anaporudi kutoka shule au madrasa na kuja kutoa salamu, simu iwekwe chini, mkono utolewe wote. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Simu inatutaka kidole kimoja tu, lakini mtoto anahitaji mkono wote.

Ijumaa iliyopita tulikwenda kwa mzee wetu. Hatukuwa na hotuba. Tulimpa mkono mlangoni, naye akaushika, akatuongoza nao hadi kwenye mkeka, na tulipokwisha kuketi alikuwa bado ameushika. Imepokewa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipopeana mkono na mtu hakuwa wa kwanza kuuondoa. Basi nasi tukauacha mkono wetu pale alipoutaka, hadi adhana ya Alasiri ilipotunyanyua sote pamoja.

Tunamuomba Allah azilainishe nyoyo zetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie mikono yetu iwe shahidi wa kheri kwetu siku ambayo viungo vitasema. Amin.

Wabillahi tawfiq.